Mdogo wangu, usigawanye kwa chaji nzima

Mdogo wangu mpendwa,

Nimeipitia hesabu yako ya hidrojeni kloridi, ile inayotaka utafute urefu wa bondi, yaani umbali kati ya viini vya atomi mbili, kutokana na momenti ya dipoli na asilimia ya sifa ya ioni. Vipimo umevibadili vizuri, lakini urefu wa bondi umetoka pikomita 22.5 (pikomita ni sehemu moja ya trilioni ya mita), na jibu hilo lilipaswa kukushtua kabla hujafungua majibu nyuma ya kitabu. Katika atomi ya hidrojeni iliyo peke yake, elektroni inaelekea zaidi kupatikana umbali wa pikomita 53 hivi kutoka kwenye kiini. Itakuwaje kiini cha hidrojeni na cha klorini, vyote vina chaji chanya, vikae karibu kwa chini ya nusu ya hapo?

Tatizo liko kwenye chaji. Momenti ya dipoli, kipimo cha jinsi chaji chanya na hasi zilivyotengana, ni chaji mara umbali, hilo unalijua. Ila wewe umetumia chaji ya elektroni nzima, 1.602 × 10⁻¹⁹ kulombi, kana kwamba hidrojeni imeiachia klorini elektroni yake moja kwa moja. Haijaiachia. Zinaichangia, klorini ikiivutia zaidi upande wake, ndiyo maana swali limekupa asilimia 17.7 ya sifa ya ioni. Hiyo asilimia ndiyo sehemu ya chaji unayotakiwa kuitumia.

Twende pamoja. Momenti ni Debye 1.08, na Debye moja ni 3.336 × 10⁻³⁰ kulombi-mita, kwa hiyo tuna 3.60 × 10⁻³⁰. Chaji ni 0.177 mara 1.602 × 10⁻¹⁹, yaani 2.84 × 10⁻²⁰. Gawanya: 1.27 × 10⁻¹⁰ mita, pikomita 127. Urefu uliopimwa ni 127.5. Hapo sasa!

Lakini usidhani hivi ndivyo wanakemia wanavyopima bondi. Urefu huo hupatikana kwa kuchunguza mionzi ambayo molekuli hufyonza inapozunguka, kisha asilimia ya ioni hukokotolewa kutokana na urefu na momenti. Swali lako limeugeuza mwendo huo kinyumenyume. Linafaa kwa mazoezi, ila napenda ujue asilimia ile ilikotoka, kwa sababu ukiletewa nyingine jibu litayumba. Ukichukua viwango vya mwanakemia Linus Pauling vya uvutaji wa elektroni, 3.16 kwa klorini na 2.20 kwa hidrojeni, ukaviweka kwenye kanuni yake ya kukadiria asilimia ya ioni, unapata karibu asilimia 21. Momenti ni ileile, na bondi inakuwa pikomita 109! Hujakosea kukokotoa, kanuni ile ni ya makadirio tu.

Kuna pia molekuli zinazogoma kabisa. Kaboni monoksidi ina momenti ya Debye 0.11 tu, na upande hasi ni wa kaboni, ingawa oksijeni ndiyo inayovuta elektroni zaidi. Mgawanyo wa elektroni mle ndani ni mgumu kuliko chaji mbili zilizowekwa kwenye ncha mbili. Ukikutana nayo kwenye mtihani, usikimbilie kugawanya.

Sasa fanya ya hidrojeni floridi: Debye 1.82, asilimia 41. Ikitoka karibu na pikomita 92, umeelewa. Ikitoka 38, rudi kwenye chaji, halafu nipigie jioni tuipitie mstari kwa mstari.

Kaka yako