Wabanguaji wadogo wa Masasi nao wauziwe korosho

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme la korosho, ila si la bei ya mnada, maana hilo lina wasemaji wengi. Mimi ni mbanguaji, kazi yangu ni kuitoa korosho kwenye ganda. Nakaa Mkuti, Masasi, na huu ni mwaka wa kumi na mbili nauza korosho za kukaanga stendi, kwa abiria wa Dar es Salaam na wa Songea.

Tuko akina mama saba kwenye kikundi. Tulipata mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ambao wanawake tumetengewa 4. Tukanunua mizani na mashine ya kufungia pakiti. Marejesho tunalipa. Kinachotukwamisha ni kitu ambacho mtu wa mbali hawezi kuamini kinakosekana Masasi: korosho yenyewe.

Tangu stakabadhi ghalani ianze mwaka 2007, korosho ghafi inapita AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika cha wakulima, inakwenda ghala kuu, inapigwa mnada. Siupingi mfumo huo. Nawakumbuka walanguzi na kangomba yao, kibakuli kinachoitwa kilo huku kinameza kilo na nusu. Lakini mfumo umemfikiria mwenye lori tu. Mnadani mzigo unatajwa kwa tani, mimi nataka gunia tatu.

Msimu uliopita nilikwenda kwenye chama kimoja cha msingi na fedha mkononi, nikaomba gunia hizo tatu kwa bei ileile iliyotoka mnadani wiki hiyo. Karani, kijana mstaarabu tu, akaniambia: "Mama, nikikuuzia hapa, mimi na wewe wote tunaitwa watu wa kangomba." Jirani yangu mwenye mikorosho naye jibu lake ni hilohilo, na simlaumu. Mwaka 2018, Serikali iliponunua korosho kwa Sh3,300 kwa kilo na wanajeshi wakaja kusomba, tuliona watu walivyofuatwa hadi shambani kuhakikiwa.

Kwa hiyo tunabangua masalia, zile za mwisho wa msimu, nyepesi, nyingine zimekwisha kuingia unyevu. Ukiikaanga korosho ya namna hiyo kwenye nusu pipa, ganda linashika moto upande mmoja, upande wa pili bado bichi. Ukiigonga inatoka vipande. Na mafuta ya ganda hayachagui masalia wala daraja la kwanza, yanachuna vidole vilevile hata ujipake majivu. Zikitoka nzima nusu tunashukuru. Abiria anataka nzima na nyeupe. Vipande anavitaka kwa bei ya bure.

Mwezi wa tatu alishuka kwenye basi mteja wa Arusha, mwenye hoteli. Akaonja, akataka kilo 50 kila mwezi. Kilo 50 za kubanguliwa ni kama kilo 250 za ghafi, gunia tatu na kidogo. Lori moja la kwenda bandari ya Mtwara linabeba gunia mamia, zinapanda meli kwenda India na Vietnam kubanguliwa huko, na mimi hapa napigia hesabu gunia tatu.

Mama yangu alikuwa mtu wa kiwandani, enzi za vile viwanda vya korosho vilivyojengwa miaka ya 1970. Ndiye aliyenifundisha kumenya ganda la ndani bila kuikwaruza korosho. Viwanda vingi vya aina hiyo baadaye viligeuzwa maghala ya kutunzia korosho ghafi inayosubiri kusafirishwa. Nikikumbuka huwa nacheka peke yangu, kicheko kibaya.

Ombi langu ni kwa Bodi ya Korosho, iliyo hapo Mtwara mjini, na kwa vyama vikuu vya ushirika. Kikundi kilichosajiliwa halmashauri kiruhusiwe kununua AMCOS kiasi chenye kikomo, tuseme gunia 40 kwa msimu, kwa bei ya mnada wa wiki ile, na makato yote tukatwe kama wanavyokatwa wengine. Risiti iandikwe, afisa ushirika asaini. Mkulima hapunjwi, ushuru unalipwa, na halmashauri inarudishiwa mkopo wake.

Najua litakalosemwa: walanguzi watajificha nyuma ya vikundi. Basi waje wakague. Mlanguzi anaficha gunia. Anayebangua hana pa kujificha, moshi wake unafika hadi barazani kwa mwenyekiti wa mtaa, na wangu umeshalalamikiwa mara mbili.

Sasa hivi mikorosho inapuliziwa salfa, na mwongozo wa msimu haujatoka, kwa hiyo muda wa kuliingiza jambo hili bado upo. Yule wa Arusha amepiga simu tena juzi. Nimemwambia avute subira hadi Oktoba. Oktoba ikifika sijui nitamwambia nini.

Mbanguaji,
Mkuti, Masasi,
Mtwara