Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Pesa za Kuzikia Tulizonunulia Unga

Wazee wangu, akina mama, vijana, hamjambo. Bwana asifiwe, na kwa ndugu zangu Waislamu, asalaam aleikum.

Mkutano huu huwa tunaufanya Desemba, wenzetu wa Mombasa na Malindi wakiwa wamerudi nyumbani. Safari hii tumeusogeza hadi mwisho wa Januari 2021, na mmekaa chini ya miembe mitatu badala ya mmoja ili msibanane. Walio mwembe wa nyuma wasiponisikia wapunge leso, nitapaza sauti.

Najua mnachongojea. Mnangojea nieleze kwa nini chama cha kuzikana kilitumia pesa za kuzikia kununua unga. Nitalifikia hilo, na kura mtapiga. Lakini kwanza nikumbushe mwaka ulivyotupitia, maana kamati haikuamka siku moja ikaamua kuvunja katiba kwa raha zake.

Korona ilitangazwa nchini tarehe 13 Machi. Jumapili ya tarehe 15 tukasikia shule zinafungwa. Wiki iliyofuata ikawa ni zamu ya makanisa, misikiti na mangwe, vile vilabu vya pombe ya mnazi. Tarehe 27 ikaanza kafyu, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Kisha tarehe 8 Aprili Kilifi yetu ikafungwa, pamoja na Kwale na Mombasa: kutoka hutoki, kuingia huingii. Mizigo ilipita, watu wakabaki. Hali hiyo tulikaa nayo hadi mwanzoni mwa Juni, na Mombasa ikakaa nayo hadi tarehe 7 Julai.

Hapa Kaloleni mtu akitaka kujua tunakula nini, mwonyeshe mnazi. Tunauza nazi, tunauza makuti, tunagema. Mkoba wa mtoto wa shule umetoka juu ya mnazi. Sasa fikirieni kafyu na ugemaji. Karara la mnazi linataka kukatwa kwa kotama, kisu cha mgema, asubuhi na jioni. Ukiliacha siku mbili tatu linaziba, na hapo umeshaupoteza mnazi huo kwa muda. Saa moja jioni wagema wengi ndio kwanza wako juu. Mwanachama wetu mmoja, simtaji ila naona anacheka, alikutwa na askari wa doria akiwa juu na kibuyu chake. Wakamwamuru ashuke. Akawauliza, amri imesema mtu asiwe nje au asiwe chini? Akakaa huko huko mpaka mbu walipowashinda wale askari wakaenda zao. Asubuhi ilibidi mimi na katibu twende kwa chifu kulisuluhisha, na ndipo ikakubaliwa wagema wapande saa kumi jioni. Hilo ni kazi ya kamati pia, ingawa halimo kwenye hesabu.

Kupanda ilikuwa nusu ya taabu. Nusu ya pili ni kwamba mnazi, yaani pombe yenyewe, haukuwa na mnywaji. Mangwe zimefungwa, na hata zingekuwa wazi, nani angetaka mboko, kibuyu cha kunywea, iliyotoka mdomoni kwa mwenzake? Mnazi ukilala unageuka siki. Wake za wagema walitia siki kwenye chupa wakatembeza, lakini kijiji kizima kitakula kachumbari ngapi? Makuti nayo yalikosa soko hoteli zilipofunga. Mafungu yaliyokuwa yameshasukwa yalikaa kando ya barabara mpaka mchwa wakayaanza. Na vijana wetu waliokuwa wakifanya kazi Watamu na Malindi wakarudi na mabegi yao, kila mmoja akaongeza sahani kwenye nyumba ambayo yeye ndiye aliyekuwa akiipelekea pesa.

Kufikia katikati ya Aprili, kamati ilikuwa ikipokea watu usiku. Hakuna aliyesema ana njaa. Mmoja alikuja kuuliza kama chama kinakopesha. Mwingine alikuja kuuliza habari za mkutano, akakaa saa nzima, akaondoka. Kule ofisini tuliambiwa chakula cha msaada kinakuja, na kweli kilikuja, mara moja, magunia machache, na majina yalikuwa yameandikwa na watu ambao kijiji hiki wanakijua kwa ramani. Marehemu wawili walimo kwenye orodha ile. Sitaki kurefusha hapo.

Katiba yetu inasema sanduku la chama ni la mazishi: jeneza au sanda, usafiri wa maiti, chakula cha wafiwa. Haisemi unga wa walio hai. Tulikaa watu saba wa kamati chini ya mwembe huu wa katikati, tukabishana tangu saa tatu hadi adhuhuri. Mweka hazina alipinga, na naomba iandikwe hivyo kwenye kumbukumbu, kwa sababu alipinga kwa haki: alisema kama korona itaingia kijijini, tutazika kwa nini? Mimi nikasema tusipowalisha watu hatutaisubiri korona. Tulipiga kura, wanne kwa watatu. Hatukuwaita nyinyi kwa sababu mikutano ilikuwa imekatazwa. Ningeweza kupita nyumba kwa nyumba nikauliza. Sikufanya hivyo, na kosa hilo ni langu.

Tulichagua nyumba 40 kati ya 86. Kila nyumba ilipata pakiti tatu za unga, kilo moja na nusu ya maharagwe, nusu lita ya mafuta na kipande cha sabuni, jumla shilingi 650. Tuligawa mara tatu, Aprili, Mei na Juni. Hiyo ndiyo shilingi 78,000 mnayoiona kwenye karatasi.

Imesemwa kwamba orodha ilipendelea. Nyumba moja ni ya dada wa mjumbe wa kamati. Ni mjane ana wajukuu watano, ningemweka hata asingekuwa na kaka. Nyumba nyingine tuliiweka kwa kutojua kwamba mwanawe aliye Saudia alikuwa bado anatuma pesa. Mama huyo mwenyewe alirudisha mgao wa Mei, nami namshukuru mbele yenu. Lakini kuna jina tulilolikosa. Mzee mmoja jirani yangu, mwanachama tangu chama kianze, tulimwona ana shamba na mbuzi tukapita. Mwezi wa Juni nilienda kumsalimia, nikakaribishwa kwa heshima zote, kigoda kikafutwa vumbi. Macho yangu yakaanguka mekoni. Mafiga matatu yalikuwa na utando wa buibui kutoka figa moja hadi jingine. Mbuzi alishauzwa Aprili. Alikuwa akila maembe mabichi na mihogo ya jirani. Tulimpa mgao wa Juni na nikamwongezea wa mfukoni mwangu, ila Aprili na Mei zilishapita.

Sasa mazishi yenyewe. Mwaka 2020 tulizika watu saba. Hakuna aliyethibitishwa kuwa na korona hapa kijijini, lakini tusijidanganye, aliyepimwa ni dereva mmoja wa lori kwa sababu bila cheti asingepita. Kwa hiyo nasema tu kwamba tulizika saba.

Wawili wa mwanzo, Januari na Februari, tuliwazika kama tulivyozoea. Watu walikuja kutoka Rabai, Ganze, hata Magarini. Matanga yakakaa, ng'ombe akachinjwa, chama kikatoa shilingi 25,000 kwa kila msiba na familia bado zikabaki na madeni. Wa tatu alikuwa mgema wetu mkongwe, aliyefariki Mei kwa presha. Wakati huo sheria ilikuwa watu 15, na naibu wa chifu alikuja mwenyewe kuhesabu. Saa nne asubuhi, bila ngoma, bila kulala hangani, yaani nje nyumbani kwa mfiwa. Mwanawe alikuwa amekwama Mombasa, kibali kilichelewa. Mjukuu akapanda juu ya kichuguu kutafuta mtandao akamwonyesha baba yake kaburi kwa simu.

Naibu wa chifu akahesabu, 15 kamili. Kisha akainua macho. Shamba la jirani, upande wa pili wa ua, lilikuwa limejaa watu wenye majembe. Akina mama, wazee, vijana, wote wameinama wanapalilia mahindi ya mtu mwingine, na hakuna anayesogea hata hatua. Akauliza, wale je? Nikamwambia, wale wanalima. Akanitazama sana. Jeneza lilipoteremshwa wakaanza kuimba, wameinama vile vile, majembe yanapiga chini kwa mwendo wa wimbo. Naibu wa chifu alivua kofia. Lile shamba halijawahi kupaliliwa vizuri namna ile, na mwenyewe anasema kila mwaka afe mtu Mei. Mzee, tumekusikia, ila hatukuahidi.

Mazishi yale yaligharimu chama shilingi 9,000, na manne yaliyofuata vile vile, hata baada ya Agosti tuliporuhusiwa watu 100. Familia tano zilizika bila deni. Hapo ndipo mjadala wetu wa leo ulipo, na najua umegawa hata nyumba. Vijana wanasema tumegundua dawa, tubaki hivyo hivyo. Mjane wa yule mgema aliniambia neno jingine. Alisema, mwenyekiti, mlimzika mume wangu kama mtu aliyekutwa njiani. Nilimwambia habari za wale wenye majembe, akasema aliwaona, ndio maana aliweza kula siku ile. Lakini majirani kulala nje nyumbani kwake siku zile za kwanza, kitu ambacho yeye aliwafanyia wenzake zaidi ya miaka 40, hakukipata, na hakuna wa kumrudishia.

Maoni yangu ni haya, mnaweza kuyakataa: ng'ombe tumwache, watu tuwarudishe. Kinachofilisi ni sufuria, na anayelala hangani na leso yake hamgharimu mfiwa kitu.

Shule nitapita haraka, si kwa sababu ni jambo dogo. Watoto walikaa nyumbani miezi karibu kumi, isipokuwa wa gredi ya 4, darasa la 8 na kidato cha 4 walioitwa tarehe 12 Oktoba. Masomo ya redioni yalikuwepo, lakini redio nyingi hapa hukaa na mgema. Wasichana wanne wa kijiji hiki wana mimba au wamejifungua. Shule zilipofunguliwa kwa wote tarehe 4 mwezi huu, wawili wamerudi. Wawili bado, na mmoja anazuiwa na babake, ambaye yuko hapa. Sheria inaruhusu msichana kurudi. Nitakuja nyumbani Jumatano, mzee, tuzungumze.

Maji: tuliambiwa tunawe mikono, na mtungi wa lita 20 unanunuliwa. Shilingi 14,500 zilinunua matangi mawili madogo yenye bomba, yakawekwa kisimani na njia panda, pamoja na sabuni ya kuyaanzia. Sabuni iliibwa wiki ya kwanza. Mwizi angalau alikuwa msafi. Barakoa fundi wetu wa cherehani alizishona kwa vipande vya leso na hakutudai.

Hesabu zenyewe. Tulianza mwaka na shilingi 143,000. Michango ya Januari hadi Machi ilikuwa kamili, shilingi 51,600. Kuanzia Aprili hadi Desemba zikaingia shilingi 48,400 tu, na hata hizo zisingekuja kama kutuma pesa ndogo kwa M-Pesa kusingekuwa bure hadi tarehe 31 Desemba. Sasa makato yamerudi, isipokuwa kwa shilingi 100 kushuka chini, kwa hiyo mweka hazina anawaomba mtume mchango wa shilingi 200 kwa mafungu mawili. Jumla ya mapato na salio ni 243,000. Mazishi yalichukua 95,000, chakula 78,000, matangi na sabuni 14,500, karatasi na simu 2,300. Limebaki shilingi 53,200.

Zile 53,200 si nyingi. Misiba miwili ya mtindo wa zamani inazimaliza. Mweka hazina alionya hivyo Aprili, naye alikuwa sahihi kuhusu hesabu hata kama sikubaliani naye kuhusu njaa.

Mambo ya kupigiwa kura ni matatu. La kwanza, mkubali au mkatae matumizi ya unga. Mkikataa, sisi wanne tuliounga mkono tutarudisha kidogo kidogo, na mimi nitaanza na mbuzi wangu. La pili, katiba iongezwe mfuko wa dharura, shilingi 30 kutoka kila mchango, ili siku nyingine kamati isiamue gizani. La tatu, kiwango cha msiba kibaki 9,000 au kirudi 25,000. Madeni ya michango ya mwaka jana hatuyadai kwa nyumba zile 40. Kwa nyumba nyingine, katibu anayo majina na hatayasoma kwa sauti.

Daftari liko mezani chini ya mwembe wa katikati, na risiti za unga zimebanwa ukurasa wa mwisho. Anayetaka kuzisoma azisome sasa, mmoja mmoja, barakoa usoni. Tutapiga kura saa sita.