Shilingi 2,500 za Kuambiwa "Ngoja"

Wiki mbili zilizopita mama mmoja wa Shela (Shela ya hapa Malindi, si ile ya Lamu) alinitumia sauti ya WhatsApp ya dakika nne, analalamika. Alinilipa shilingi 2,500, nikamtazama uso, nikampima, nikamhoji "kama polisi," kisha nikamwambia asipasuliwe kwanza kunyanyua uso, yaani kuvutwa uso ulioshuka kwa umri, mpaka presha yake ishuke. "Sista, umenila pesa yangu. Hata plasta hukunibandika!"

Si wa kwanza. Maneno hayo nayasikia tangu nifungue chumba hiki, kwa hiyo leo nayajibu mara moja, na atakayeuliza tena nitamtumia makala haya.

Mimi ni muuguzi. Nimekaa wodi ya upasuaji miaka 22 kabla ya kujiajiri. Sipasui mtu na sidungi mtu sindano za urembo, leseni yangu hainiruhusu. Kazi yangu ni kumpima na kumsikiliza anayefikiria kunyanyua uso au kope kabla hajafunga safari ya kwenda kwa daktari mpasuaji Mombasa au Nairobi, na kumpokea akirudi: kusafisha kidonda, kutoa nyuzi, kuangalia uvimbe. Wengi wanaokuja wamepita miaka 55. Umri wenyewe si kizuizi. Nimemhudumia bibi wa miaka 71 aliyepona vizuri kuliko binti wa 40, maana bibi huyo hakuwa na presha wala sukari na alifuata kila alichoambiwa.

Sasa presha ya mama wa Shela. Nilimpima mara tatu, akiwa amekaa, amepumzika, amekunywa maji. Ilisoma 178 kwa 104. Katika upasuaji wa kunyanyua uso, tatizo linalotokea zaidi ni damu kuvilia chini ya ngozi, hasa katika saa 24 za mwanzo, na presha ya juu ndiyo inayoisukuma. Damu ikikusanyika huibana ngozi ikakosa chakula. Mgonjwa hurudishwa chumba cha upasuaji haraka, usiku ukiwa usiku. Mama huyo alipanga kulala kwa dada yake hapa Malindi usiku uleule wa kupasuliwa. Kutoka hapa hadi Mombasa ni kama kilomita 120. Hebu nijibuni, nani angemwendesha saa nane za usiku na uso umevimba upande mmoja? Hilo "ngoja" ndilo alilonunua.

Watu hudhani nitaanzia kwenye makunyanzi. Naanzia masikioni. Mkato wa kunyanyua uso hupita mbele ya sikio, ukazunguka nyuma yake, ukaingia kwenye nywele. Kwetu Pwani wanawake tumetogwa masikio tangu utotoni, wengine matundu matatu manne, na bibi zetu walivaa majasi. Basi masikio yana habari. Tundu likiwa limeota kovu nene kama harage, najua mwili huo hutengeneza makovu ya kukua, na sisi wenye ngozi nyeusi tunayapata zaidi. Nauliza pia kovu la chanjo mkononi na la upasuaji wa uzazi. Kuna mama mmoja alikuja na picha za waigizaji kwenye simu, na nyuma ya sikio lake alikuwa na kovu la ukubwa wa zabibu ambalo hajawahi kumwonyesha mtu kwa sababu ya buibui. Yeye nilimwambia hapana moja kwa moja. Alikasirika, lakini hakudai pesa yake.

Halafu nakulaza chali na kioo mkononi. Ukilala, mashavu hurudi nyuma, na hapo unaona kwa makadirio kile kisu kinachoweza kukupa. Wengi hucheka wakajipenda. Wengine huona kwamba kinachowasumbua hakikuondoka: madoa, mistari midogo juu ya mdomo, duara jeusi chini ya macho. Hayo kunyanyua uso hakuyaondoi.

Kisha nakwambia ufungue mdomo. Hapa ndipo watu huniona kichaa. Lakini meno ya nyuma yaking'oka, mfupa wa taya hupungua mwaka baada ya mwaka, na shavu lililokuwa limeegemea pale huingia ndani. Mwaka juzi alikuja mama muuza mahamri, miaka 63, amejikusanyia pesa za chama kwa ajili ya "operesheni ya mashavu." Magego ya juu hakuwa nayo hata moja. Nilimpeleka kwa daktari wa meno, akatengenezewa meno ya bandia, akarudi kunionyesha. Sehemu kubwa ya pesa ya chama alibaki nayo, na mahamri yake nayala bure mpaka leo. Mimi kwake nilipata 2,500 tu, wala sinung'uniki.

Kuna na uzito. Mtu akipungua kilo 15 kwa sababu ya sukari au kwa kujinyima, uso humwanguka. Asikimbilie kisu mwili ukiwa bado unapungua. Uzito ukae mahali pamoja miezi sita hivi kwanza, la sivyo utalipia ngozi ivutwe leo na ilegee tena mwakani.

Maswali ya "kama polisi" ni haya: unatumia dawa gani, unavuta nini, unatafuna nini, nani kakutuma. Dawa zote uje nazo kwenye mfuko, pamoja na aspirini ya moyo, vidonge vya kitunguu saumu na chupa za kienyeji, maana baadhi huifanya damu isigande upesi. Dawa ya moyo usiiache kwa uamuzi wako, hilo daktari wako ndiye aseme. Tumbaku ya aina yoyote iachwe angalau wiki nne kabla na iendelee kuachwa baadaye. Hubana mishipa midogo, na ngozi iliyoinuliwa haina njia nyingine ya kupata damu.

La nani kakutuma ni zito zaidi. Nimepokea mjane aliyetoka eda juzi, nimepokea aliyeletewa mke mwenza mwezi uliopita. Siwafukuzi. Nawapa chai na kuwapangia miadi baada ya miezi sita, bure. Nusu hawarudi. Wanaorudi wakiwa na jibu lao wenyewe, hao ndio nawaandikia barua kwa daktari. Na anayeniuliza kama dini inaruhusu namwambia aende kwa sheikh wake, mimi nimesomea vidonda.

Wapo wanaosema huu si udaktari, ni upuuzi wa Wazungu wa pale ufukweni. Kumbukeni AMREF, shirika la madaktari wa ndege, lilianzishwa mwaka 1957 na Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, na wote watatu walikuwa wapasuaji wa kurekebisha maumbile. McIndoe alijulikana kwa kutengeneza nyuso za marubani walioungua katika Vita vya Pili vya Dunia. Rees alinyanyua nyuso New York. Ujuzi wa kushona mdomo wa mtoto uliopasuka na wa kunyanyua shavu la bibi una shina moja, na ndiyo maana hauwezi kufanywa na mtu wa saluni mwenye cheti cha siku tatu.

Kazi ya kisasa haivuti ngozi tupu. Chini ya ngozi na mafuta kuna tabaka jembamba lililoshikana na misuli ya uso. Tangu miaka ya 1970 wapasuaji wamejifunza kulivuta hilo na kulishona, kisha ngozi inalazwa juu yake bila kukazwa. Ikivutwa ngozi peke yake, uso huwambwa kama ngoma, na haudumu. Karibu na tabaka hilo ndipo mishipa ya fahamu inayokuwezesha kutabasamu na kufumba macho hupita. Ndiyo maana inachukua saa kadhaa na ndiyo maana ni ghali. Na uso hauachi kuzeeka. Baada ya miaka saba, kumi, utaona umeanza kushuka tena.

Kope ni habari nyingine, na kwa wazee wengi ndizo zenye faida ya kweli. Mwalimu mstaafu kutoka Mambrui aliletwa na bintiye kwa sababu "baba anaonekana ana usingizi saa zote." Ngozi ya kope ilikuwa imening'inia mbele ya macho, na alikuwa akiinua nyusi kutwa nzima mpaka kichwa kinamuuma. Nilimpeleka kwa daktari wa macho kwanza, na kumbe nusu ya kiza chake ilikuwa mtoto wa jicho. Alitolewa mtoto wa jicho, kisha ngozi ya kope ikapunguzwa kwa ganzi tu, bila kaputi ya kumlaza usingizi. Nyuzi nilimtoa mwenyewe siku ya sita. Ila sikilizeni: kope moja ikianguka ghafla, au ukaanza kuona vitu viwili viwili, usije kwangu. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Sasa njia za mkato, ambazo ndizo zinanilisha, nisiwafiche.

Ya kwanza ni sindano za chumbani. Mtu anafika mjini na begi, anapanga chumba, habari inapita kwa mashoga. Mteja wangu mmoja alilipa 15,000 ajazwe mashavu. Hakuuliza ni nini. Fila, yaani dawa ya kujazia ngozi, ikiwa ya asidi ya hialuroniki daktari anaweza kuiyeyusha kwa dawa nyingine. Silikoni ya maji haiyeyuki, inabaki humo na kuota vinundu. Mashavu yake yalikuwa na vinundu. Mpaka tunaacha kuhesabu, nauli na daktari vilikuwa vimefika 140,000, na shavu moja bado lina bonde. Na hata dawa halali ikiingia kwenye mshipa wa damu usoni inaweza kuua ngozi au kupofusha jicho. Daima omba uone chupa, na stika yake ibaki nawe.

Ya pili ni mkorogo. Zebaki, haidrokwinoni na steroidi zilizomo hung'arisha uso kwa wiki chache, kisha ngozi, hasa kwa steroidi, inakuwa nyembamba kama karatasi ya sigara. Mpasuaji akiishika haishiki uzi vizuri. Niambie ukweli kama unapaka, sitakusema.

Ya tatu ni kurudi mapema. Mama mmoja alipasuliwa nje ya nchi kwa bei nusu, akapanda ndege siku ya tano, nyuzi bado ziko, karatasi ya maelezo hana. Tena alikuwa amemficha daktari tambuu yake yenye tumbaku. Ngozi nyuma ya sikio ikawa nyeusi, ikafa. Nilimfunga kidonda mara tatu kwa wiki, wiki saba, 1,500 kila mara. Alipolalamika kwamba nimezidisha tulihesabu pamoja: mara 21, jumla 31,500. Pamba, dawa na glavu mpya kila mara, na mara mbili nilimfuata nyumbani na tuktuk ya pesa yangu.

Kwa hiyo bei yangu haishuki. Kwa 2,500 unapata saa nzima, vipimo vya presha na sukari, picha za uso kwa pande tano, na barua. Jina la daktari nitakayekupeleka kwake unaweza kulihakiki mwenyewe kwenye orodha ya baraza la madaktari, KMPDC, maana leseni huhuishwa kila mwaka. Mwambie akuandikie gharama yote: yake, ya daktari wa kaputi, ya chumba cha upasuaji, ya kulala. Kisha panga kukaa karibu naye siku kumi.

Mama wa Shela amenipigia jana. Anatumia dawa yake kila asubuhi, presha imesoma 138 kwa 84, na anauliza kama atalipa tena. Halipi. Aje Jumanne asubuhi na mapema, jua halijawa kali, uso mtupu bila wanja wala poda, na picha ya harusi yake ile ya zamani asiisahau.