Waandikieni pia wanaochuma waridi za Valentaini

Mhariri,

Kila Februari 14 inapokaribia, gazeti lenu hujaa matangazo ya maua, chokoleti na chakula cha jioni cha watu wawili hotelini. Sina ugomvi na wapendanao. Ninachoomba ni nafasi, hata nusu ukurasa, kwa wanaoyachuma maua hayo.

Huku Naivasha sikukuu hiyo huanza Januari. Waridi hukatwa likiwa bado limefumba, likatiwa kwenye ndoo ya maji na kupelekwa bandani kupimwa urefu, kupukutishwa majani ya chini na kufungwa mashada. Humo bandani wengi ni akina mama, na kazi yao ni ya kusimama kutwa. Kutoka hapo ni chumba cha baridi, lori la baridi, uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, kisha Ulaya, mengi yakipitia Uholanzi. Oda zikiongezeka, saa za kazi nazo huongezeka na vibarua huitwa. Msimu ukiisha, vibarua haohao huambiwa wangoje nyumbani.

Biashara hii haikuanza jana. Valentino, ambaye sikukuu hii imepewa jina lake, alikuwa shahidi wa dini huko Roma, na kwa karne nyingi kumbukumbu yake haikuhusishwa na mahaba. Mshairi Mwingereza Chaucer, katika miaka ya 1380, ni miongoni mwa wa kwanza kuihusisha na mapenzi, alipoandika kwamba ndege huchagua wenzi wao siku hiyo. Wafanyabiashara walijaa karne ya 19. Mwaka 1840 Uingereza ilishusha gharama ya kutuma barua hadi peni moja, na kadi zikamiminika. Miaka michache baadaye, mjini Worcester, Massachusetts, Marekani, mtengenezaji kadi Esther Howland aliwaketisha wanawake mezani, huyu akibandika lesi, yule picha, kadi ikipita mkono hadi mkono. Mwaka 1868 Richard Cadbury akaanza kuuza chokoleti katika maboksi yenye umbo la moyo. Majina tunayoyakumbuka ni ya wenye biashara. Waliobandika zile lesi hawatajwi, na naona wachumaji wetu wanaelekea huko huko.

Kinachoniuma zaidi ni malipo. Bei ya shada hupanda wiki hiyo, hata hapa Nairobi, lakini sijasikia mshahara wa mchumaji ukipanda nayo. Anayemnunulia mpenziwe waridi ana haki ya kulijua hilo, na ninyi ndio wa kumwambia.

Basi mwaka huu mtumeni mwandishi kwenye geti la shamba lolote la maua, jioni zamu inapotoka, siku chache kabla ya sikukuu. Awaulize wafanyakazi wameingia saa ngapi, ovataimu imelipwa au wameahidiwa tu, na ni wangapi kati yao watakuwa bado na kazi mwezi Machi.

Msomaji wenu,
Naivasha