Mashairi ya tabianchi yaanzie pwani na mabondeni

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu namna vijana wetu wa Unguja na Pemba wanavyoandika juu ya mabadiliko ya tabianchi. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika skuli ya sekondari hapa Wete, na kila inapokaribia Siku ya Mazingira Duniani, tarehe 5 Juni, hupitia mashairi, ngonjera na hadithi fupi zinazotungwa kwa ajili ya maadhimisho hayo. Nafurahi sana kuona vijana wanaandika. Kinachonisikitisha ni kwamba nyingi ya kazi hizo zingeweza kutungwa na mtu ambaye hajawahi kukanyaga Pemba: zinatuhimiza tupande miti, zinatuonya kuwa dunia inaangamia, kisha zinakwisha, bila ya kutajwa kijiji, msimu wala mtu yeyote.

Naomba nieleze kazi moja iliyokuwa tofauti. Mwanafunzi wa kidato cha tatu aliandika hadithi kuhusu mama yake, ambaye ni mkulima wa mwani. Alieleza kwamba wakati wa bamvua, siku ambazo bahari hujaa na kupwa kuliko kawaida, maji yanapokupwa mama huyo hupita kamba baada ya kamba akiukagua mwani wake, na pale anapoona matawi yamepauka na kulainika hujua kuwa yatakatika na kuchukuliwa na maji, kwa hiyo huamua kuuvuna ungali mchanga na kukubali kipato kidogo kuliko kukosa vyote. Hadithi ilikuwa ya kurasa mbili tu. Hata hivyo, msomaji anayejua kwamba kilimo hiki kilianza kibiashara huko Unguja mwaka 1989, na kwamba ile aina ya mwani yenye bei nzuri zaidi imekuwa ikishindwa kustawi katika maji ya kina kifupi kadiri bahari inavyozidi kupata joto, angeuona mkasa mzima katika mikono ya mwanamke yule anayepapasa kamba.

Ripoti za wataalamu tunazihitaji, na wala sisemi kuwa hadithi ichukue nafasi yake. Ni wataalamu waliotufahamisha kwamba gesi zinazotokana na kuchoma makaa ya mawe na mafuta huzuia joto la dunia lisitoke kwenda anga za juu, kwamba maji ya bahari yakipata joto hutanuka, na kwamba barafu ya nchi kavu inayoyeyuka huzidi kuipandisha bahari hiyo. Lakini ripoti haituelezi yanayosemwa ndani ya nyumba ya mkulima wa Kisiwa Panza, au wa kijiji chochote cha pwani ambacho bonde lake la mpunga limeingiwa na maji ya chumvi. Mume anataka wajenge tuta tena kwa nguvu zao. Mke anaona heri wakaombe sehemu katika bonde la mbali kwa jamaa zake. Bibi mzee hataki kusikia habari ya kuliacha bonde alilolilima tangu usichana wake. Kila mmoja wao ana haki katika anachokisema, na hapo ndipo mtunzi wa hadithi au wa tamthilia anapopata kazi ambayo hakuna mwengine anayeweza kuifanya kwa niaba yake.

Jambo ninalolishikilia zaidi, Mhariri, ni ukweli. Baadhi ya watunzi wetu hubebesha tabianchi kila balaa, ilhali zipo fukwe zinazoliwa kwa sababu mikoko imekatwa na mchanga umechimbwa kwa mikono yetu wenyewe. Vimbunga navyo vilikuwepo zamani: kile cha tarehe 15 Aprili 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ikanusurika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo kisiwa chetu kikawa ndicho kitovu cha zao hilo. Mtunzi anayelijua hilo hatosema kwamba babu zetu waliishi bila ya dhoruba. Atauliza ni kipi kilicho kipya, na majibu atayapata. Mwaka 1998, kwa mfano, joto kali la Bahari ya Hindi liliyapausha na kuyaua matumbawe mengi, yakiwemo ya kisiwa kidogo cha Misali hapa Pemba, na wavuvi walioijua miamba ile kabla na baada ya mwaka huo bado wapo na wanaweza kuulizwa. Vilevile nimewahi kukuta ubeti unaolalamikia ukame katika mwaka ambao masika yalitugharikisha, kwa sababu tu kina kilimlazimisha mtunzi. Heri kina kianguke kuliko mvua kusingiziwa.

Upande wa umbo hatuna upungufu wowote. Utenzi, wenye mizani minane kwa mshororo na pumzi ya kusimulia jambo refu, unatosha kabisa kubeba habari ya bonde lililoingiliwa na bahari tangu siku ya kwanza ya bamvua hadi siku wenyewe walipohama, na ngonjera inafaa mno kwa mabishano ya mume na mke niliowataja. Walimu wenzangu wawatume wanafunzi kwa mabibi na mababu zao wakiwa na daftari, waulize kusi lilikuwa likianza lini, vuli ilikuwaje, samaki gani hawaonekani tena, kisha ndipo waketi kutunga. Waandaaji wa mashindano nao wangefanya jambo kubwa kama wangetenga alama kwa mtunzi aliyeona na kuuliza, badala ya kuzimaliza zote katika vina na mizani.

Kwako wewe, Mhariri, ombi langu ni kuwa katika ukurasa wa mashairi utenge sehemu ya kazi za aina hii kutoka skuli za visiwa vyote viwili, na kila kazi ichapishwe pamoja na jina la kijiji na mwezi wa tukio, ili wenyeji wa pahala hapo waweze kuithibitisha au kuisahihisha kwa barua. Wanafunzi wangu wameshaanza na mabonde ya hapa jirani, na ukiridhia nitakuletea tungo zao kabla ya masika yajayo.

Wako,
Mwalimu wa Kiswahili,
Wete, Pemba.