Mnahangaika na Bosworth bure, tatizo lilianzia kitandani kwa Edward

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua, maana ile makala yenu ya "ingekuwaje" kuhusu Vita vya Mawaridi kule Uingereza, ile ya ukoo wa York na ukoo wa Lancaster kugombea taji, imenikaa kooni tangu nilipoisoma. Imeandikwa vizuri, sikatai, ila imefanya kile ambacho kila mtu anafanya akiianza hii stori, anakimbilia uwanja wa vita wa Bosworth tarehe 22 Agosti 1485, anampa ushindi mfalme Richard wa Tatu wa York, anamuua mpinzani wake Henry Tudor wa upande wa Lancaster, halafu basi, ukoo wa York unatawala raha mustarehe. Jamani si rahisi hivyo.

Haya, tuseme Richard kashinda. Tuseme wale mabwana kina Stanley waliokaa pembeni na watu wao wakisubiri kuona nani anaelekea kushinda wameingia upande wake, Tudor kafa. Jioni ile Richard anarudi nyumbani kwa nani? Mtoto wake wa pekee wa ndoa alishafariki Aprili 1484. Mkewe Anne Neville kafa Machi 1485, miezi mitano tu kabla ya vita. Ni mjane wa miaka 32, hana mtoto wa kumrithi, posa mpya ndo kwanza inazungumzwa huko Ureno, na huku watu wananong'ona kuhusu wale watoto wawili wa kaka yake walioingia Mnara wa London na hawajaonekana tena. Mtu wa hivyo hata ungempa Bosworth tatu ashinde zote, vita ingerudi tu.

Mi naona pa kuanzia ni miaka miwili nyuma, na hapo hakuna aliyechomoa upanga. Tarehe 9 Aprili 1483 mfalme Edward wa Nne, ndo huyo kaka yake Richard, kafia kitandani kwake Westminster, zimebaki siku 19 tu atimize miaka 41. Huyu ndo alikuwa York yenyewe. Akiwa na miaka 18 alishinda Towton, Machi 1461, theluji inaanguka, upepo unasukuma mishale ya watu wake mbele huku ya Lancaster inaishia njiani. Akafukuzwa nchini 1470, mwaka uliofuata karudi na ndani ya wiki tatu kamaliza kazi, Barnet tarehe 14 Aprili na Tewkesbury tarehe 4 Mei. Pale Barnet ukungu ulikuwa mzito mpaka watu wa Warwick, aliyeongoza upande wa Lancaster siku hiyo, wakawatwanga wenzao wa bwana Oxford, inasemekana kisa nembo ya nyota ya Oxford waliidhania ni jua la Edward (atakayeandika "ingekuwaje" ya ule ukungu, huyo nitamsoma). Tewkesbury mrithi wa Lancaster akauawa, baba yake, mfalme Henry wa Sita, akafia Mnarani wiki hiyo hiyo Edward alipoingia London na ushindi, aliyebaki wa kutajwa ni kale katoto ka miaka 14, Henry Tudor, kakakimbizwa Brittany, ng'ambo ya bahari, na baba yake mdogo Jasper.

Sasa mpe Edward miaka kumi ya nyongeza, kumi tu. Mwanawe mkubwa anakuwa na miaka 22 badala ya 12, na mtu wa miaka 22 hatafutiwi mlezi. Maana kilichoiua York ndo hicho hicho, ugomvi wa nani akae na mtoto. Huku mama na wajomba, kina Woodville, wenye mtoto mkononi, kule baba mdogo Richard aliyetoka kaskazini, katikati Lord Hastings, rafiki wa marehemu, aliyedhani amechagua upande salama na tarehe 13 Juni akakatwa kichwa bila kesi, na mwisho taji akalichukua Richard mwenyewe. Sisi tunaujua huo ugomvi bwana, tunauona kila siku kwenye matanga, marehemu hata hajazikwa watu wanaulizana hati ya nyumba iko wapi. Ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, sawa, ila hawa walipogombana jembe alilichukua Tudor.

Na hapa ndo ambapo makala yenu iliniudhi hasa. Tudor hakuwa na jeshi lake, nguvu alipewa na Richard. Waliomkimbilia Brittany baada ya maasi ya 1483 wengi walikuwa watumishi wa Edward huyo huyo, watu wa York kabisa, wenye hasira ya wale watoto, ndo maana Krismasi ile pale Rennes, mji wa Brittany, Tudor aliapa atamuoa Elizabeth, binti wa Edward. Bila kifo cha Edward hasira hiyo haipo, kiapo hakipo, Richard anabaki bwana mkubwa wa kaskazini aliyeurudisha mji wa Berwick kutoka kwa Waskoti 1482, mdogo mtiifu wa kaka yake, na Tudor anazeekea ugenini.

Sisemi Edward alikuwa malaika. Alikuwa anakula mpaka kapoteza umbo, anapenda wanawake, na ile pensheni ya krauni 50,000 kwa mwaka aliyokuwa anaipokea kutoka kwa mfalme wa Ufaransa tangu 1475 ilikuwa imeshakatika, kwa hiyo huenda angeingia vita na Ufaransa akaharibu kila kitu mwenyewe. Hilo nakubali.

Halafu kuna jambo la kwetu kidogo. Henry wa Nane alikuwa mtoto wa Tudor na huyo Elizabeth, kwa hiyo bila ndoa ile hakuna yeye, na hakuna ule ugomvi wake na Papa wa kutaka kumuacha mke. Matengenezo ya kanisa yangefika Uingereza kwa njia nyingine pengine, lakini mimi mtu wa Muheza, niliyebatizwa Mwanglikana kama babu zangu walioipata dini kwa wamisionari wa Magila, nikifikiria hilo nacheka peke yangu.

Kwa hiyo mwandishi wenu akirudi na sehemu ya pili, na naomba arudi, amuache Richard ashinde Bosworth akipenda, ila kabla hajamvisha taji tena aniambie kwanza huyo Richard anarithiwa na nani.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Muheza, Tanga