Taa za nje, tuelewane kabla fundi hajaja Jumamosi

Jamani habari za jioni, naona kila mtu kaanza kununua taa kivyake, naomba tusikilizane kwanza kabla hela haijaisha. Juzi bibi wa nyumba ya kona kateleza pale kwenye ngazi za kushukia mtaroni, na taa ipo!! Shida imefungwa juu ya geti inamulika watu machoni, ukishaipita huoni hata mguu wako. Kwa hiyo mwambieni fundi taa iangalie chini, imulike ngazi na njia, na kingo za ngazi tuzipake rangi nyeupe, kopo moja dogo linatosha kabisa.

Wanaolia na LUKU, taa ya LED ya wati 10 ikiwaka masaa 12 inakula uniti 0.12 tu, yaani mwezi mzima haifiki uniti 4, ya sensa ndo chini zaidi maana inawaka mtu akipita. Sola pia poa ila usiifunge chini ya mwembe halafu uje kulalamika humu 😅 na angalieni boksi liwe limeandikwa IP65, hizo mvua haiziingii.

Mzee wetu wa kiti cha magurudumu anaomba swichi ya koridoni ishushwe, mkono haufiki. Hilo tumechelewa, aibu yetu.

Fundi saa 3 asubuhi. Mchango elfu 15, ukituma andika namba ya nyumba.